Salamu Nyuma ya Greda

Baltazari wa kijiji cha Kate hakuwa mtu wa maneno. Tangu ujana wake, ukimsalimia, unangoja. Atakuangalia usoni, ataangalia mbali, ataangalia mikono yake mwenyewe, ndipo aitikie. Wenyeji walimzoea. Wageni walidhani ni kiziwi.

Mkewe Redempta alipokuwa hai, jambo hilo halikuwa na shida. Redempta alikuwa na maneno ya wote wawili. Akija mtu kuazima jembe, Baltazari atakaa kimya, na sauti itatoka jikoni: "Chukua lile la mpini mpya, ila ulirudishe kabla ya Jumapili, mwenye nyumba anasema." Mwenye nyumba hajafungua mdomo. Lakini ndivyo alivyotaka kusema, na mkewe alijua. Waliishi hivyo mpaka wakazeeka, huyu anawaza, huyu anasema.

Mtoto aliyekua katika watoto wao ni mmoja, Klementina. Huyo aliposwa na kijana aitwaye Beda, mtoto wa mjane, mtu wa mabega mapana na kicheko cha karibu. Kwa kuwa Baltazari hakuwa na mtoto wa kiume, Beda hakumchukua mke akaenda naye kwao. Alihamia yeye. Akajenga nyumba yake ng'ambo ya ua wa mkwe, na shamba wakalilima pamoja.

"Beda kaolewa," walimtania kilabuni.

"Nimeolewa, ndiyo," alijibu, "na mahari nimetoa mwenyewe. Nani kati yenu ana akili kama yangu?"

Na kazi aliiweza. Mvua zikikaribia kuisha, watu wa Ufipa hukata nyasi na kuzifukia kwenye matuta ya duara, ntumba, zioze humo, msimu unaofuata udongo utawanywe upandwe ulezi. Kazi hiyo hufanywa na mgongo na miguu. Beda alikuwa akiingia shambani na umande, na jua likipanda, ukitazama kutoka barabarani utadhani shamba limeota vichuguu.

Lakini kabla ya kushika jembe, kila asubuhi, alianzia mlangoni kwa mkwe wake. Alichuchumaa, akapiga makofi ya polepole, viganja vimebonyea ili mlio uwe mzito, akangoja. Baba mkwe huko husalimiwa hivyo, na aliyechuchumaa hainuki kabla hajaitikiwa. Baltazari naye hakuwa na haraka. Hakuwa na kiburi, ni vile tu aliupenda mlio ule wa makofi, na kuitikia ni kuukata.

"Mwitikie mtoto wa watu," Redempta alikuwa akisema kutoka ndani, "miguu inamfa ganzi."

Ndipo Baltazari aitikie.

Redempta alikufa mwaka mmoja wa njaa ya mbolea. Homa ilimpata Jumatatu, na kabla ya Jumapili ya pili wakamzika. Baltazari hakulia mbele za watu. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda upande wake wa moto, na upande wa pili wa moto hapakuwa na mtu wa kusema alichokuwa anawaza. Tangu hapo akawa kimya kweli.

Nimesema njaa ya mbolea. Ile ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani mbolea ililetwa kijijini kwa bei ya serikali, na mahindi chama cha ushirika kilikuja kuyachukua. Sasa mbolea ikawa ya dukani, mfuko mmoja bei ya mbuzi, na chama kikafa. Walikuja wafanyabiashara na malori yao na mizani yao, wakasema bei, ukitaka uza, hutaki kaa nayo. Beda alitazama mahindi yaliyodumaa, rangi ya njano, akamwambia mkewe, "Ntumba peke yake haitutoshi tena. Nitaenda barabarani."

Barabarani maana yake kampuni. Kampuni moja ilikuwa imepewa kazi ya kuchonga barabara ya kwenda mjini na kuimwagia kifusi. Ilikuja na tipa za kubeba kifusi, na greda moja la njano, kubwa, lenye matairi yanayomfika mtu kifuani. Vijana wa vijiji vya njiani waliandikwa vibarua. Kazi yao ilikuwa kutembea nyuma ya greda na kuokota mawe makubwa ambayo kisu chake kimeyafukua, kuyatupa pembeni. Greda linakwenda mbele likilaza kifusi, kisha linarudi kinyumenyume, kisha linakwenda tena.

Enzi za serikali, greda lilitembea na mtu wa kibendera. Kazi yake ni moja, kusimama nyuma na kumwonyesha dereva arudi au asirudi. Kampuni ilimwona mtu yule anasimama tu siku nzima, ikamwondoa. Na king'ora cha kurudi nyuma kilikuwa kimekufa, hakuna aliyekumbuka lini.

Aliyeliendesha greda hilo aliitwa Masanja, Msukuma aliyekuja na kampuni, mtu mnene wa utani mwingi. Wafipa walimfurahisha.

"Nyinyi watu," aliwaambia wakati wa chakula, "mkisalimiana kazi inalala. Huyu kachuchumaa, yule kachuchumaa, pa, pa, pa. Kwetu mtu anakuamkia huku anafukuza ng'ombe."

"Ndiyo maana ng'ombe wenu wana adabu kuliko nyinyi," Beda akamjibu.

Walicheka. Kisha Masanja akaacha kucheka. "Lakini nawaambia ukweli. Nikiwa kule juu namwona aliyesimama. Aliyechuchumaa simwoni kwenye kioo. Nyuma ya greda watu husimama. Mmenisikia?"

Walimsikia. Beda alimsikia. Hata nyumbani alilisimulia jambo hilo, jioni, akimwigiza Msukuma anavyosema, na Klementina akacheka. Baltazari alikuwapo. Naye alisikia.

Mwezi wa saba ukafika na upepo wake. Asiyeijua Ufipa hudhani Tanzania yote ni joto. Upepo wa mwezi wa saba kule juu unapenya sweta, unapenya ngozi, na vibarua walianza kazi gizagiza kabla jua halijapata nguvu. Beda alianza kukohoa. Usiku mmoja Baltazari alimsikia kutoka ng'ambo ya ua, anakohoa, ananyamaza, anakohoa.

Asubuhi Beda alikwisha kuondoka. Baltazari alifungua sanduku la marehemu, akatoa blanketi. Lilikuwa la Redempta, la kijivu na mstari mwekundu. Hakumwambia Klementina anakwenda wapi. Alilikunja, akaliweka begani, akafuata barabara mpya.

Aliwakuta mbali kidogo nje ya kijiji, mahali barabara inapopinda. Greda lilikuwa limesimama, linanguruma, mkia wake umeelekea kijijini. Beda alikuwa nyuma yake, amebeba jiwe kwa mikono miwili. Alipomwona mkwe wake anakuja, alilitupa lile jiwe pembeni, akapangusa viganja kwenye suruali, akachuchumaa.

Pale pale. Nyuma ya greda. Mtu angeweza kusema kwamba alisahau maneno ya Masanja, lakini haikuwa hivyo. Mkwe amekuja kwa miguu, katika baridi, na blanketi begani. Hakuna Mfipa aliyelelewa vizuri ambaye angebaki wima, au angesema, subiri, nisogee kwanza ndipo nikusalimie. Miguu yenyewe hukunjika.

Akapiga makofi. Pa, pa, pa.

Baltazari alisimama pembeni mwa barabara. Alimwangalia usoni, akaona midomo imepasuka kwa upepo. Akaangalia mbali, kule kijiji kilikoachwa. Akaangalia mikono yake na lile blanketi. Moyoni alikuwa amekwisha kuitikia. Alikuwa amekwisha kusema mwanangu, nimekusikia unakohoa, jifunike hili, lilikuwa la mama yako. Yote hayo aliyasema moyoni.

Greda likarudi nyuma.

Baltazari aliliona tairi linaanza kuzunguka. Akafungua mdomo. Sauti haikuja kwa wakati. Beda alisikia mngurumo unabadilika, akageuza kichwa, akajitupa upande, na mwili ukapona, na mguu wa kulia ukabaki. Tairi liliupanda kuanzia kwenye wayo hadi juu ya goti, likasimama juu yake. Vibarua walipiga mabati ya greda kwa makoleo. Masanja, asijue kuna nini, alizima mashine.

Likawa limezimika na mguu uko chini yake.

Hata kuliwasha tena kulichukua muda, kwa sababu ya baridi. Beda hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama mkwe wake. Viganja vyake vilikuwa bado vimekutana.

Walimpakia kwenye tipa, juu ya kifusi, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine. Msimamizi alitaka kwanza kifusi kimwagwe. Masanja alimshika shati, akamwambia, "Kimwage kwenye kaburi langu," akapanda mwenyewe kwenye usukani. Walipita kijijini kumchukua Klementina, kisha wakashika njia ya Sumbawanga. Baltazari alikaa nyuma, kichwa cha Beda mapajani, blanketi la Redempta limefungwa kwenye mguu. Ule mstari mwekundu haukuonekana tena, blanketi lote lilikuwa rangi moja.

Hospitali iliwapokea. Walimsafisha, wakamwongezea damu, ya Masanja ikawa inamfaa. Baadaye Masanja alitoka nje uani, akamkuta Baltazari amekaa ukutani, juani.

"Mzee," Masanja alisema. "Shikamoo, mzee."

Hakuitikiwa.

"Mzee, mimi sikumwona."

Baltazari aliyatazama matairi ya tipa lililoegeshwa. Masanja alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka aliposikia sauti.

"Mimi nilimwona," Baltazari alisema.

Masanja alisimama kidogo kama mtu anayengoja mengine. Hayakuja. Akaenda zake.

Siku zilizofuata mguu ulivimba, ukabadilika rangi, ukatoa harufu. Daktari aliwaita Klementina na baba yake pembeni. Alikuwa kijana, macho yamechoka. Aliwaambia wazi, mfupa umekuwa unga, nyama imekufa, sumu imeanza kupanda. Mguu ukatwe juu ya goti, leo, ikichelewa sana kesho asubuhi. Baada ya hapo yeye daktari hatakuwa na la kufanya.

"Kata, daktari," Klementina alisema.

"Mwenyewe hataki. Ni mtu mzima, ana akili zake. Siwezi kumkata mtu anayekataa. Kaongeeni naye."

Beda alikuwa amelala chali, amekonda mashavu. Nesi mmoja, Justina, alikuwa amekuja na karatasi ya kukubali kukatwa na wino ili mgonjwa aweke dole gumba, maana Beda hakujua kuandika. Beda alikuwa amekunja mikono kifuani na kuyaficha madole gumba kwapani. Alikuwa amelala hivyo tangu asubuhi. Hata uji alikataa, kwa sababu kuushika uji kungetoa mikono nje.

Klementina alipiga magoti kando ya kitanda. "Mume wangu. Watakukata mguu, lakini utabaki."

"Nibaki nikifanya nini?"

"Ubaki tu."

"Shamba litalimwa na nani? Ntumba inapigwa na mtu wa mguu mmoja? Umewahi kuona?" Aliongea polepole, bila hasira. "Nitakaa mlangoni kama gunia. Utaniingiza mvua ikinyesha na kunitoa jua likiwaka. Kuliko hivyo, Klementina, nizikeni mzima. Nisiende nimepungua."

"Na mimi?"

"Wewe bado kijana. Utaolewa."

Klementina aliinuka kana kwamba amepigwa. Kisha akatoka, akamfuata baba yake uani. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Baba, nenda wewe. Mimi ananijibu. Wewe hawezi kukujibu, wewe ni mkwe wake. Nenda ukamwambie."

Baltazari alibaki amekaa.

"Baba. Nakuomba. Siku moja tu katika maisha yako, sema."

Akaenda akakaa ngazini. Baltazari akabaki na ukuta.

Alitafuta maneno. Alijua yapo, kwa sababu Redempta angeyapata. Redempta angeingia mle ndani, angevuta shuka, angesema, ewe Beda, acha upuuzi, nani kakwambia nilimtoa binti yangu kwa mguu wako? Ningetaka mguu ningenunua wa mbuzi. Kijana angecheka. Akicheka angetoa mikono. Lakini maneno yale yalikuwa ya Redempta. Baltazari aliyajaribu kimya, midomo ikicheza, na yaliingia mdomoni mwake kama chakula cha mtu mwingine.

Jua lilikuwa linashuka. Alimwona daktari anapita akiwa na haraka, akimtupia jicho.

Akainuka. Alivua kofia, akaingia wodini.

Wagonjwa wengine na jamaa zao walikuwa wanazungumza. Beda alimwona mkwe wake anakuja kati ya vitanda, akataka kujiinua kwa viwiko, akashindwa. Aligeuza uso ukutani. Alijua kilichomleta mzee. Alikuwa amejiandaa kwa maneno.

Baltazari hakuleta maneno. Alifika kando ya kitanda, akashika chuma cha kitanda, akajishusha taratibu, magoti yakilia, mpaka akachuchumaa. Akaukunja mgongo. Akakutanisha viganja, vimebonyea, akapiga.

Pa. Pa. Pa.

Wodi ikanyamaza. Waliokuwamo karibu wote walikuwa wenyeji, na hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile. Baba mkwe hamchuchumalii mume wa binti yake. Bibi mmoja aliyekuwa akiuguza kwenye kitanda cha mbele alijifunika macho kwa khanga. Nesi Justina, naye binti wa Ufipa, alibaki na trei mkononi.

"Baba," Beda alisema, akiwa ametazama ukutani. "Baba, usifanye hivyo."

Hilo halikuwa jibu la salamu. Baltazari akapiga tena. Pa, pa, pa.

"Baba, inuka. Watu wanakuona."

Pa, pa, pa.

Baltazari hakuinuka. Alikuwa mzee, na hajachuchumaa hivyo tangu kufa kwa baba wa Redempta. Jasho lilimtoka. Nesi alisogea amshike mkono, na Baltazari akatikisa kichwa.

"Hajaniitikia," alisema.

Akaendelea. Mlio wa makofi ulikuwa unapungua, kwa sababu mikono ilichoka, lakini hakuacha. Beda alifumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Kumwacha mkwe chini vile, ni bora greda lingepita kifuani. Alivumilia alichoweza kuvumilia. Halafu mkono mmoja ukatoka kwapani, maana baba mkwe haitikiwi bila makofi. Na wa pili ukatoka. Alivikutanisha viganja juu ya kifua, akapiga. Mlio wake haukusikika hata kitanda cha pili. Akaitikia kwa Kifipa, kwa maneno yote ya heshima, bila kuacha hata moja.

"Sasa inuka, baba," alisema. "Wakate."

Na mikono ikabaki nje, juu ya shuka, wazi. Nesi Justina alilichukua dole gumba la kulia, akalipaka wino.

Baltazari hakuweza kuinuka. Klementina, aliyekuwa ameingia, na bibi wa khanga walimnyanyua, kila mmoja kwapa moja.

Beda alikatwa jioni ile, akaishi. Usiku nesi alimtafuta Baltazari uani, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kile kiungo mtachukua wenyewe, au tukizike huku?"

"Nitachukua."

Wakampa. Blanketi la Redempta lilikuwa limefuliwa na kuanikwa uani, doa halikutoka. Alikifunga humo. Asubuhi alipanda lori la mahindi linalokwenda Kate, akaketi juu ya magunia matupu, mzigo mapajani. Aliyeketi karibu naye alimwuliza amebeba nini. Alimtazama yule mtu usoni, akatazama mbali, na lori lilipofika Kate alikuwa bado hajamjibu.

Alichimba mwenyewe, ukingoni mwa shamba. Katekista aliitwa, akaja na kitabu chake, akafungua, akafunua, akafunga. Hakukuwa na sala ya mguu. Alisema Baba Yetu, akaondoka.

Beda alirudi na magongo mvua zilipoanza. Yale aliyoyasema kitandani yalikuwa kweli, maana hukaa mlangoni, hutolewa jua likiwaka na kuingizwa mvua ikinyesha. Kicheko chake hakikurudi naye. Ntumba sasa hupigwa na Klementina, na Baltazari, aliyetakiwa kuwa amepumzika. Wanapiga chache. Mahindi bado ya njano. Barabara ilikwisha, malori yanapita kwa kasi, na vumbi lake linatua kwenye majani.

Siku ya kwanza Beda alimwuliza, "Baba, uliuzika wapi?"

Baltazari alimwonyesha kwa kidole. Beda akatazama kule kwa muda mrefu. Tangu hapo kiti chake kimegeuzwa huko.

Na kila asubuhi Baltazari anapotoka nje, kabla Beda hajayaweka chini magongo, kabla hajakutanisha viganja, mzee anakuwa amekwisha kuitikia. Huitikia kwa sauti, haraka, salamu ambayo hajapewa. Huwaitikia hivyo hivyo wapita njia, na watoto, na wanaokwenda kisimani, wakiwa bado mbali. Wageni wanadhani uzee umemharibu akili.